Dawa Hailiwi kwa Sinia

Mtu akivunjika mguu, wanangu, mdomo wake hauvunjiki. Likumbukeni hilo siku mtakapopangiwa wodi ya mifupa mkaanza kununa kwamba mmetupwa. Kule wodi ya homa mgonjwa amelala kimya. Ukimwambia meza anameza, ukimwambia geuka anageuka. Wodi ya mifupa wapi! Mle mna wanaume wenye afya zao, wana njaa, wana utani, wana maoni kuhusu mpira na bei ya korosho, ila tu mguu mmoja umefungwa kitandani. Ukiingia na toroli la dawa unapokelewa kama bibi harusi. Hujafika kitanda cha tatu umeshatongozwa, umeombewa dua na umeulizwa kwa nini jana ulichelewa.

Mimi niliingia wodi hiyo nikiwa na kiuno chembamba, nikatoka kwa kustaafu na hiki kiuno mnachokiona. Nyie wanafunzi wa uuguzi mnaopita hapa kwangu Mahurunga mnanikuta namenya muhogo, mnaniuliza, "Bibi Somoe, tuambie siri ya kazi." Mnataka niseme jambo kubwa. Haya, siri yenyewe hii: ukimpa mgonjwa kidonge, usiondoke. Simama, piga soga.

Mnacheka. Na mimi nilicheka. Aliyenifundisha alikuwa Sista Asumini, Mmakua wa Masasi, mwembamba kama fagio na mkali kuliko pilipili. Alikuwa na tabia iliyokuwa inanichosha sana. Akishampa mgonjwa kidonge na kikombe cha maji, hasogei. Anaanza: mkeo hajambo? Mihogo mmeng'oa? Yule ng'ombe wenu alipatikana? Mimi nimesimama na toroli, miguu inaniuma, najisemea moyoni, huyu mama mbea jamani. Siku moja nikamuuliza. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Somoe, kidonge kikiwa mkononi ni mali ya serikali. Kikiwa mdomoni ni mali ya shavu. Kikifika tumboni ndiyo kinaitwa dawa. Na mtu mwenye kidonge shavuni hawezi kukusimulia habari za ng'ombe."

Zamani hizo dawa tulimwaga kama mvua. Mtu akipasuliwa mfupa anachomwa sindano asubuhi na jioni mpaka makalio hayana pa kuchoma, kidonda kikiwa kikavu na kisafi, basi tu kwa sababu tumezoea. Siku hizi mnafanya vizuri zaidi, na mimi si mzee wa kung'ang'ania ya kale. Siku hizi mtu wa upasuaji ulio safi anapewa dawa kabla ya kisu kugusa ngozi, ifike mwilini kabla ya mdudu, na mara nyingi hapo ndiyo mwisho. Lakini nendeni mkawaeleze wagonjwa! Kuna mzee wa Mahurunga hapa hapa alipotiwa chuma pajani akagoma kutuamkia siku nzima. Kisa? "Nimepasuliwa mfupa mzima nikachomwa sindano moja? Hata kuku wangu akiumwa namchoma zaidi." Nilimweleza kwamba wadudu wakizoeshwa dawa bila sababu wanakuwa sugu, siku ukiihitaji kwelikweli hawaiogopi tena. Akafikiri, akasema, "Kama mtoto anayepigwa kila siku." Ee baba, kama huyo huyo.

Sasa niwasimulie ya Momade, maana ndiyo iliyonifanya nimwelewe Sista Asumini, na wakati huo yeye alikuwa ameshastaafu.

Momade alikuwa mkwezi wa minazi. Kwao ni ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, anavuka Kilambo kuja kutafuta kazi, anakwea minazi ya watu kule Msimbati. Siku hiyo mguu uliteleza juu kabisa. Alivunjika chini ya goti, mfupa ukatoka nje ukachungulia, mchanga ukaingia. Waliomwokota walikuwa watu wema. Walimfunga kanga, halafu kwa wema wao huo huo wakapasua vidonge vya rangi mbili, mnavijua, vile vyenye unga ndani, wakaumwaga unga wote kwenye kidonda. Msifanye hivyo, na mkimwona mtu anafanya mshikeni mkono. Unga ule haumezwi na kidonda, unaganda tu, unafunika uchafu ndani.

Akaja kwetu, akasafishwa, akafungwa vyuma vya nje, vile ambavyo wagonjwa wenyewe wanaviita antena. Alijua Kimakonde sawasawa, na Kiswahili cha kuombea maji tu. Salamu yake ilikuwa moja tu, ile ya Kireno wanayosalimiana kwao asubuhi: "Bondia!" Asubuhi bondia, mchana bondia, jua likizama bondia. Wodi nzima ikampenda siku ile ile.

Kidonda ndicho hakikumpenda. Kila siku usaha. Tukabadilisha dawa, wapi. Tulikuwa na daktari wa mifupa, Dokta Neema, binti wa Mbeya mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Akachukua usaha, akaupeleka maabara ukaoteshwa ili wamjue mdudu na wajue anaogopa dawa gani. Majibu yakarudi: mdudu ameshazoea karibu dawa zote tulizo nazo. Imebaki moja. Nayo ni ya rangi mbili, lakini ya kumeza, asubuhi, mchana na jioni. Ikaagizwa mahususi kwa ajili yake, ikaja kwenye boksi lake, na kwa sababu wodi ya mifupa haina siri, kila kitanda kikajua kwamba Momade ameletewa dawa ya maana.

Tukampa. Tukangoja. Homa inashuka kidogo, inapanda. Usaha unapungua, unarudi. Dokta Neema akaja akapiga picha ya mfupa. Akaniita pembeni.

"Sista Somoe, nitalazimika kuukata huu mguu."

"Dokta, huyu ni mkwezi."

"Najua ni mkwezi. Lakini nisipomkata mguu nitamkosa mtu mzima. Naweza kungoja mpaka Jumatatu, sizidi hapo." Akavua miwani, akaifuta. "Kinachonisumbua ni kimoja. Maabara wanasema dawa hii inamuua huyu mdudu. Mguuni hafi. Kuna kitu hapa katikati ambacho sikioni."

Basi mimi nikawa natembea na hilo jambo kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Na kwa balaa, wiki hiyo hiyo Fadhili akaanza kuharisha.

Fadhili alikuwa dereva wa bodaboda, kitanda cha mkabala na Momade, mfupa wa paja, mguu umevutwa kwa mawe hawezi hata kuketi vizuri. Mtu wa namna hiyo akiharisha ni msiba wa wodi nzima. Bedpani inakwenda, bedpani inarudi, yeye mwenyewe anaona haya anajifunika shuka usoni, wenzake wanamwimbia. Nikauliza, umekula nini? "Nimekula walichokula wenzangu, Sista." Nikawageukia akina mama wanaoleta chakula. Nikawapa maneno! Nikasema ni ming'oko, mizizi yenu hiyo ya porini, mmeichemsha haikuiva. Wale mama wakaapa kwa Mungu mmoja kwamba ming'oko yao imeiva. Ilikuwa imeiva kweli, masikini, niliwaonea bure.

Hapa lazima mwelewe jinsi walivyokuwa wakila. Zamani hizo watu walilazwa muda mrefu, mpaka mfupa uunge wenyewe, kwa hiyo wodi ilikuwa kijiji. Walikuwa hata na mwenyekiti, Mzee Selemani, mkulima wa mikorosho mwenye nyonga iliyovunjika na sauti ya adhana. Hakuna aliyekuwa akila peke yake. Chakula kikiletwa kwa nani na nani, chote kinamwagwa kwenye sinia moja kubwa: ugali wa muhogo, samaki, kisamvu, ming'oko. Sinia linawekwa juu ya kiti katikati ya vitanda, wenye magongo wanasogea, wasioweza wanafikishiwa. Mzee Selemani anapiga bismillahi, mikono inaingia. Momade hakuwa na ndugu wa kumletea hata kipande cha muhogo, lakini hakuna siku aliyolala na njaa.

Ijumaa mchana nilipita na toroli. Nikampa Momade rangi mbili yake, akaitia mdomoni, akanywa maji. Nikasema, "Bondia, Momade." Akatikisa kichwa akatabasamu.

Nikaenda kitanda cha pili. Mikono inafanya kazi, kichwa kimebaki nyuma. Momade kutosema bondia? Mtu ambaye humsalimia hata fundi wa taa? Nikakumbuka: asubuhi kasema. Jana mchana hakusema. Jana jioni hakusema. Sista Asumini akaniingia kichwani kama alikuwa amejificha nyuma ya mlango: *mali ya shavu.*

Sikurudi. Nilitoka, nikasimama nyuma ya pazia la dirisha la ofisi yetu, pale panapoonekana wodi yote. Sinia likaja. Momade akajitoa kidonge shavuni, akakifuta vizuri na shuka, kwa adabu kabisa, akakiweka ukingoni mwa sinia, pembeni ya chumvi. Mzee Selemani akakipokea, akakipindua, akakipasua katikati, akaumwaga unga kwenye kipande cha ugali. Halafu, wanangu, kila mkono ukachovya. Kama chumvi! Fadhili akachovya mara mbili.

"Nnungu wangu!" Nilitoka nyuma ya pazia mbio, na mimi si mtu wa mbio. "Toeni mikono! Toeni mikono yote!"

Mikono ikabaki hewani. Mzee Selemani akasema kwa utulivu wa mwenyekiti, "Karibu, Sista. Kuna nini?"

"Mnakula nini hapo?"

"Dawa. Ya Momade. Kali sana hiyo, Sista, imetoka mbali. Yeye anasema anapewa nyingi, zinambakia. Tukasema baraka ikimfika mmoja iwafike wote. Mimi nyonga yangu tangu nianze inalala usingizi."

Nikamgeukia Momade. Nilikuwa nimekasirika mpaka kilemba kinanitoka. "Wewe! Zinakubakia? Nani kakwambia zinabaki?"

Akainamisha kichwa. Akajibu kwa Kimakonde, polepole, na mimi nawapa kwa Kiswahili jinsi ilivyonibaki: "Sista, mimi nakula chao tangu nije. Mama yangu yuko ng'ambo, mke wangu yuko ng'ambo. Leo samaki wa huyu, kesho muhogo wa yule. Mtu hawezi kunawa kila siku kwenye sinia la wenzake na mkono mtupu. Ya asubuhi nameza mwenyewe, maana asubuhi hakuna sinia. Ya mchana na ya jioni ndiyo kitu pekee nilicho nacho, nikasema nami nitoe."

Hasira yote ikaniishia. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, jambo ambalo Sista Asumini angenichapa, nikalia. Ndiyo, nililia, na sioni haya. Halafu nikawaambia ukweli, wote, kwa sauti. Kwamba dawa ile ndiyo ya mwisho. Kwamba kumeza moja na kuacha mbili ni kumpa mdudu makofi mepesi, hafi, anajifunza kupigana. Kwamba wengine waliokuwa wakichovya hawakuwa na ugonjwa wa kutibiwa nayo, walikuwa wanavuruga matumbo yao tu. Na kwamba Jumatatu Dokta anaukata mguu wa Momade.

Mzee Selemani akautazama ule ugali mkononi mwake.

"Sista," akasema, "kumbe tumekula mguu wa ntu."

Halafu kutoka kitanda cha mkabala, Fadhili: "Ndiyo maana ukaniharisha."

Tulicheka! Haki ya Mungu tulicheka mpaka mawe ya kuvutia miguu yakawa yanagongana, na Momade mwenyewe anacheka huku anafuta machozi na lile shuka la kufutia vidonge.

Nikamkimbilia Dokta Neema. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa mikono, nikadhani analia, kumbe naye anacheka. Kisha akawa daktari tena. "Sawa. Kwa hiyo dawa hii bado hatujaijaribu. Nitamrudisha chumba cha upasuaji nikisafishe kidonda upya, na aanze dozi kamili. Nitamwangalia mwenyewe kila siku. Homa ikikataa kushuka nakata, Sista, hata ukinililia." Nikasema, sawa, Dokta.

Mnadhani yameisha? Bado. Kidonge sasa kinamezwa, nakisimamia mwenyewe. Lakini sinia lilipokuja, Momade akageukia ukutani. Hana njaa, anasema. Jioni hana njaa. Kesho yake ameshiba, ameshiba nini? Aibu tu. Na mfupa hauungi kwa aibu, unataka samaki, unataka maharage. Nikamwambia Mzee Selemani, mzee wangu, dawa tumeiokoa, mtu anatuponyoka kwa njaa.

Mzee Selemani akafikiri, akainua sauti yake ile ya adhana. "Momade! Ukiwa juu ya nnazi unafanya nini kingine zaidi ya kuangua?"

"Nasuka," akajibu ukutani. "Makuti."

"Kawa unaweza?"

Kawa mnaijua? Kile kifuniko cha kusuka cha kufunikia chakula, kilichochongoka kama paa la msonge. Siku hizi mnafunika kwa plastiki. Momade akageuka kidogo. Anaweza.

"Basi kikao kimeamua," Mzee Selemani akatangaza. "Sinia letu linaliwa na inzi kabla yetu, na hili joto linatuua. Wake zetu wataleta ukindu. Wewe utasuka kawa, na kila kitanda kipate kipepeo chake cha kujipepea. Hiyo ndiyo sehemu yako kwenye sinia. Dawa ni ya mguu wako, hailiwi kwa sinia. Na sheria nyingine: hakuna mkono utakaoingia kwenye chakula humu mpaka Momade amemeza, afungue mdomo tuone, na aseme bondia kwa sauti. Asiyetaka akale na inzi."

Ukindu ukaja, wale mama niliowasingizia ming'oko ndio walioleta mwingi zaidi. Momade alisuka amelala chali, mguu una antena, vidole vinakimbia. Kila kitanda kikawa na kipepeo. Na kila mchana na kila jioni mngeona wanaume wazima wenye njaa wamekaa na mikono misafi hewani, wanamkodolea macho mtu mmoja. Anameza. Anafungua mdomo. Fadhili anatoa shingo, anakagua kama askari wa barabarani. Kisha: "Bondia!" Na wodi nzima inajibu, "Bondiaaa!" ndipo sinia linavamiwa. Mganga Mkuu alipita siku moja akauliza hii ni dini gani.

Jumatatu ilifika, homa imeshuka. Dokta akasema tungoje. Akaja tena, akasema tungoje. Nilikuwa nafungua bandeji kila siku roho mkononi. Usaha ukapungua, safari hii haukurudi. Nyama ikaanza kuja nyekundu, safi, ya kupendeza. Nyie bado hamjui furaha ya kuona nyama nyekundu kwenye kidonda, mtaijua. Siku Dokta Neema alipotazama picha akasema mfupa umeanza kushikana, Mzee Selemani alipiga takbiri mpaka wodi ya wazazi wakatuma mtu kuuliza nani kajifungua.

Kwa hiyo mkiniona nawasumbua na habari za kusimama na kupiga soga, ndiyo hiyo. Na msiulize tu kama mtu amemeza. Angalieni anakula na nani, na anawapa nini. Asiye na wa kumletea chakula, mtafutieni kazi ya mikono kabla hajaanza kugawa dawa.

Momade alirudi Msimbati, na minazi alikwea tena, japo mimi na Dokta tulimkataza. Sasa ameota mvi, anawaangulia wengine maagizo kutoka chini. Mwezi uliopita alipita hapa akielekea Kilambo kwenda kuwaona wa kwao, anatembea kwa miguu yake miwili, mmoja unachechemea kidogo, madafu begani. Nilikuwa nimeandaa ugali na samaki, nimefunika kwa kawa yake, ile ile ya wodini, imeshakuwa nyeusi kwa moshi. Nikaifunua. Watu wakasogea. Yeye hakunawa. Alisimama mbele yangu, akafungua mdomo mpana kama mtoto kwa daktari wa meno, hana tena kidonge cha kuficha wala meno mengi, akangoja nichungulie.

"Bondia, Sista."

Jua lilikuwa linazama.

"Bondia, baba," nikamwambia. "Nawa tule."